Mti wa Baba Umechipuka Chini ya Fundo

Kioko ndugu yangu,

Mguu wa Mama umepoa, au bado anauburuta mpaka jikoni? Mimi ni mzima, ila joto la Doha linachoma hata kivulini. Nimeandika kwa karatasi na kumpa mwenzangu anayekuja likizo, kwa sababu nikipiga simu Mama anakwambia uweke spika, na haya asiyasikie hivyo.

Nimeiona picha uliyotuma. "Dada, mchungwa wa Baba umefufuka!" Ukasema Mama ameshawaambia akina mama wa kanisa kwamba atawamenyea machungwa ya marehemu. Nilifurahi, Kioko. Kisha nikaikuza picha.

Fundo linaonekana, pale Baba alipochomeka jicho la mchungwa wake kwenye shina la mlimau, akafunga na nailoni. Juu ya fundo ni kijiti kikavu. Matawi yote matano yametoka chini. Huo ni mlimau. Nilikwambia mara ngapi? Kinachochipuka chini ya fundo king'oe kikiwa kidogo, kitanyonya cha juu. Ukanijibu, "Kiangazi hiki nikate kitu kibichi, Dada? Huna huruma?" Miaka miwili umebeba maji ya mtoni, ndugu yangu, ukinywesha mlimau.

Hapa kazini kutwa nzima nakata vijiti vya maua, navichomeka mchangani viote. Katika kumi hushika saba. Kila kinachoshika ni mti uleule, si mtoto wake. Ndiyo maana nalia: kilichokauka juu ya fundo ni mti wa Baba wenyewe. Mchungwa mkubwa, alikolitoa lile jicho, ulikauka mwaka tuliomzika Baba. Umebaki mmoja tu, ule ambao Baba alimpandikizia Baba Mdogo kule Kanyangi.

Unajua sijamsalimia tangu matanga, aliposema mbele ya watu, "Mwende anazika kwa pesa, kuuguza hakujua." Na dawa zilitoka wapi? Lakini Mama ana miaka themanini na moja, na chungwa haliji kabla ya mitatu. Nimepiga hesabu. Kiburi changu hakina nafasi hapo.

Nenda kwake. Omba vijiti vitatu vya mchungwa wake, unene wa penseli, vifunge kwa kitambaa chenye maji, upandikize siku hiyo hiyo kwenye huo mlimau. Mizizi bado ni ya Baba. Sema ni Mwende ameomba. Akitaka nimpigie, nitampigia.

Na ukikuta wake pia umekauka, mwambie Mama ukweli wewe mwenyewe, taratibu, kabla ya ua la kwanza. Asije akamenya limau mbele ya wenzake.

Nisalimie mkeo, na shangazi anayekaa na Mama mkienda shamba. Mama mwambie tu nimeulizia mguu.

Dada yako mkubwa,
Mwende