Magongo Thelathini ya Badi

Chovae, mwezi wa Rajabu

Kaka yangu Nasrudin,

Salamu zikufikie huko Kiunga. Mama anatembea tena, ingawa nyonga haijapona sawasawa. Mume wangu Badi alimchongea magongo, akayazungushia sufi na kitambaa penye makwapa ili yasimuumize mifupa.

Jumatatu walikuja watu wenye bunduki kutoka Kismayo. Walipoyaona, wakaagiza jozi thelathini kama hizo.

“Kina nani wameumia?” Badi akauliza.

“Bado,” mkubwa wao akajibu. “Wewe chonga tu.”

Badi anachonga polepole makusudi, lakini jana wamemletea mafundi wawili wamsaidie. Zimebaki jozi tisa. Njoo umchukue Mama na watoto kabla hazijakwisha.

Dada yako anayekungoja,
Mwanalima