Viazi Vikuu vya Harusi Yangu

Rukia mjukuu wangu, asalaam alaykum. Hapa Shumba sote wazima. Dada yako kajifungua salama, na kilio cha mwanawe chafika barabarani.

Umeniuliza kutoka huko chuoni: mchele wa meli ukikatika, Pemba tutakula nini? Umenichekesha. Siku ya harusi yangu ulikatika. Maduka ya Konde yalikuwa matupu, na kwetu harusi bila wali ni aibu. Mama akashika jembe, akachimba viazi vikuu vyake vyote, akatenga vichwa vya mbegu, vilivyobaki akavipika kwa tui zito na papa mkavu. Masinia yalipofunuliwa mbele ya wakwe, mimi mwali nilikuwa ndani nimejifunika kanga uso mzima.

Wakala. Kisha shangazi wa babu yako akakomba sinia kwa kidole, akasema kwa sauti, "Mwali huyu twamchukua na mbegu yake!"

Mbegu ikabebwa kichwani, mbele yangu. Ndiyo iliyomo shambani mpaka leo. Juzi kaka zako wamechimba kiazi kimoja, wamekileta wawili wakiimba.

Harusi yako pilau lipikwe, sikatai. Lakini mbegu yako nishaitenga.

Bibi yako