Anayemwinua Shemeji Yako

Chumba cha nyuma ya bucha,
Nyumbani.
Jumatatu mchana, nyama ikiwa imekwisha.

Mpendwa mdogo wangu, kitindamimba wetu,

Pokea salamu zangu, nyingi kuliko inzi wa bucha hii, na inzi wenyewe unawajua. Hujambo? Mgongo je, bado unakusumbua kwa kupakia yale magunia? Wifi yangu mzima? Na yule binti yenu, meno yamemaliza kuota au bado anawakesheza? Sisi huku tuko salama kwa kiasi chetu. Mama anakula, anasinzia, anatugombeza, kisha anasinzia tena. Mimi mzima, ila bega la kulia limekuwa kama la kuazima. Shemeji yako yupo kitandani, na habari zake ndizo zilizonishikisha kalamu.

Barua yako niliipata. Niliisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimekasirika. Unasema umechoka, kusali umeacha, maana ni kama kumsemesha mtu aliyelala. Unasema na kanisani huendi tena, na kwamba mimi sitaelewa kwa sababu mimi ni mtu wa imani. Nani kakwambia? Kwa kuwa naimba kwa sauti kubwa? Debe tupu ndilo livumalo, mdogo wangu. Kaa chini nikusimulie, halafu utajua dada yako ni mtu wa nini.

Kwenye simu nilikwambia shemeji yako aligongwa na gari. Hakugongwa na gari, alipigwa na watu. Nyumba yetu unaijua, ukikohoa jikoni anasikia kitandani, na mimi sikutaka asikie jambo lile likitoka mdomoni mwangu. Ndiyo maana naandika.

Ilikuwa hivi. Mama mmoja alileta viatu kibandani kwake vitiwe soli. Alipovichukua akaondoka, akasahau mkoba wake juu ya benchi. Fundi mwingine yeyote angeuweka chini ya meza mpaka mwenyewe arudi. Lakini huyu wetu hawezi kukaa na kitu cha mtu, kinamwasha kama upupu. Akaukamata mkoba, akatoka mbio kumfuata mwenyewe, anapenya katikati ya watu huku akiita, "Mama! Mama!" Mwanamume mzima, jasho linamtoka, mkoba wa kike mkononi, anakimbia. Mtu mmoja akapiga kelele, "Mwizi!" Basi, ikatosha.

Walimpiga kwa mawe, kwa mbao, kwa mikanda ya suruali zao. Mmoja alitoka kwa kinyozi nywele zikiwa zimenyolewa upande mmoja, shuka bado shingoni, akampiga mateke mawili ya mbavu na kurudi kitini kumaliziwa. Mwenye mkoba alirudi akilia kwamba huyu si mwizi, huyu ni fundi wangu. Wakamsukuma akaanguka, wakidhani ni mke wa mwizi. Waliacha walipochoka. Usidhani ni huruma, ni mikono iliyowauma.

Mimi nilifika na aproni yangu ya kazi, na watu wakanipisha kwa sababu ya damu iliyokuwa juu yake. Ilikuwa damu ya ng'ombe. Nilipomnyanyua shemeji yako zikachanganyika. Taya lilifungwa kwa waya, jicho la kushoto linaona vivuli tu, na miguu imekufa tangu kiunoni. Polisi walisema kundi la watu halina jina la kuandika.

Sasa usiniambie mimi habari za kuchoka. Yule mtu ni mzito, na mtu aliyekufa nusu ni mzito mara mbili. Asubuhi kumwinua kutoka kitandani, kumwosha, kumketisha, kukimbilia bucha, kurudi mchana kumgeuza asioze mgongo, jioni kumrudisha kitandani. Nilikuwa nikisali nimekunja ngumi. Nikifika pale pa kuwasamehe wanaotukosea naparuka, kama mtu anayeruka dimbwi. Siku nyingine nilimtukana Mungu, matusi ya machinjioni, yale ambayo Mama akiyasikia atanizaba kibao na uzee wake.

Unataka kujua nini kilinipeleka kanisani kila Jumapili? Si imani yangu, ni yake. Kila asubuhi kabla sijamgusa, anafumba macho na kusali. Midomo inacheza, uso umetulia kabisa, kama mtu aliyeshiba. Nikasema, sawa, mmoja akiwa nayo inatosha nyumba nzima. Nikajiegemeza hapo.

Kuna fundi wa kuchomelea vyuma hapa mtaani, tunamwita Cheche, anaimba besi kwenye kwaya yetu. Jumapili moja mchungaji alipomtaja mgonjwa wetu na kueleza yaliyompata, Cheche aliteremka kutoka kwenye safu ya kwaya akatoka nje, hakurudi. Kesho yake akaja bucha. Nikadhani anataka nyama. Akaweka mkono wake juu ya gogo langu la kukatia nyama, kiganja chini.

"Dada," akasema, "mimi nilikuwemo. Nilikuwa napita na bomba la chuma. Nilimpiga kiunoni. Uso wake sikuuona, nilisikia mwizi tu, nikapiga."

Nilishusha shoka. Usinitafutie udhuru, nilikusudia. Mimi hutenganisha mfupa wa paja huku nikipiga soga na wateja, na shoka langu halijawahi kwenda nisikolituma. Siku ile likaingia kwenye gogo kati ya kidole gumba na cha shahada, likachuna ngozi na kunasa. Alijikojolea pale aliposimama, lakini mkono hakuuondoa. Mpaka leo sijui kama ni Mungu aliyelisukuma shoka au ni bega langu lililochoka. Nikalivuta, likakataa. Akalivuta yeye, likatoka, akanirudishia, mpini ukiwa upande wangu.

Akasema anakwenda polisi akajitaje. Mimi nilikuwa nikiangalia mikono yake, minene kama nguzo. Nikamwambia, "Kabla hujaenda kokote, njoo kesho asubuhi uniinulie mgonjwa."

Naam, ndivyo dada yako mtu wa imani alivyosema. Sikumsamehe hata chembe. Nilihitaji mgongo, na wa kwake ulikuwepo.

Akaja. Akaja na kesho yake, na kila siku, kabla ya kufungua karakana yake. Namna yao ni kwamba mgonjwa anamkumbatia shingoni, Cheche anapitisha mkono mmoja chini ya magoti na mwingine mgongoni, anamnyanyua kama mtoto. Shemeji yako akampenda. Wakawa wanaimba pamoja wakati wa kuogeshwa, huyu sauti ya kwanza na yule besi, na mimi jikoni nasaga meno. Wahenga waliosema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki hawakuwahi kuletewa rafiki wa namna hii.

Cheche alitaka kumwambia. Kila mara ananifuata jikoni, "Dada, leo nimwambie." Nikamkataza. Ukimwambia atakufukuza, nikamwambia, na mimi bega sina. Cheche alikuwa anakonda mbele ya macho yangu, na mimi namwona na kumwacha akonde. Hata ilinifurahisha.

Juzi Jumamosi uvumilivu ukamwishia. Nilikuwa mlangoni na beseni la maji. Alikuwa ameshamnyanyua shemeji yako, yuko naye hewani, uso kwa uso, akamnong'oneza. Pa kuungama hapakosekani duniani, yeye akachagua pale, na mikono ya mtu mwenyewe shingoni mwake!

Ile ni mikono ya fundi viatu, ambayo maisha yake yote imevuta uzi wenye nta kwenye ngozi ngumu. Ilimkaba. Cheche akapiga magoti, wakaanguka wote wawili, kiti kikapinduka, kichwa cha Cheche kikagonga chuma cha kitanda na damu ikaruka mpaka kwenye shuka safi nililolitandika. Macho yakamtoka. Ulimi ukaonekana. Mama akauliza kutoka chumbani kwake ni nani anayegonga milango. Na mimi? Nisikudanganye, mdogo wangu. Nilisimama na beseni langu, na moyo wangu ukasema, kaza.

Halafu nikaona mkono wa Cheche. Anakufa yule mtu, uso umekuwa mweusi, lakini mkono wake mmoja ulikuwa bado chini ya mgongo wa shemeji yako, umeukinga usiguse sakafu. Hakuutumia kujitetea. Sijui kilinipata nini. Niliwamwagia beseni zima, haikusaidia. Nikaparua vidole, havikubanduka. Nikamuuma mume wangu kidole gumba mpaka jino likagusa mfupa, ndipo akaachia.

Cheche alitoka kwa magoti na mikono. Shemeji yako akabaki kwenye maji, anahema, akaanza kucheka kicheko ambacho sitaki kukisikia tena. Akaniambia, "Kila asubuhi namwomba Mungu kitu kimoja tu. Aniletee mmoja wao karibu, mikono yangu imfikie." Akaitazama mikono yake. "Kumbe kila asubuhi alikuwa ananiletea."

Unaelewa? Ule uso uliotulia, ile midomo iliyokuwa ikicheza, hiyo ndiyo ilikuwa sala. Imani niliyokuwa nimeiegemea miezi yote ile ilikuwa hamu ya kuua mtu. Nilimnyanyua peke yangu kutoka sakafuni, bega likalia kama kuku anapovunjwa bawa, na nikamwambia Mungu kwa sauti, mume wangu akisikia na Mama akisikia, kwamba nimechoka naye, atafute nyumba nyingine. Kwa hiyo ulichoniandikia wewe, mimi nimekisema kwa kinywa changu. Tusitishane.

Jana Jumapili asubuhi mlango ukagongwa. Alikuwa Cheche. Kichwani bandeji, shingoni alama za vidole vyote, zimevimba na kuiva. Nikamuuliza amefuata nini. Sauti hana, imekufa, akanionyesha tu chumba cha mgonjwa kwa mkono. Nilitaka kumfungia mlango, kwa ajili yake au yangu, sijui. Nikampisha.

Shemeji yako aligeuza uso ukutani. Cheche akasimama kando ya kitanda. Mimi nikaweka beseni chini, maana safari hii nilitaka mikono yangu iwe huru. Niliona vidole vya shemeji yako juu ya blanketi vinakunjuka na kukunjika, kile nilichokiuma kimefungwa kitambaa.

Cheche akainama. Akaishusha shingo yake, ile ile yenye alama, mpaka pale ambapo mikono ya mgonjwa ingeweza kuifikia. Akatulia hapo, kichwa chini, anangoja. Shemeji yako alimwacha hivyo mpaka jasho la yule mtu likaanza kudondokea blanketi. Kisha mikono ikapanda taratibu, ikamzunguka, ikakaza. Nikapiga hatua mbele.

"Inua," shemeji yako akasema.

Akamwinua. Hawakuimba. Hajamsamehe, amenitamkia hivyo waziwazi, na leo asubuhi amerudia kumwambia Cheche mwenyewe akiwa mikononi mwake. Cheche akaitikia kwa kichwa. Leo jioni anakwenda polisi, na shemeji yako ameshasema atakwenda naye ili aeleze mwenyewe yaliyotokea. Atabebwa na nani mpaka huko, hilo huhitaji kuuliza.

Sina mahubiri, mdogo wangu. Mahubiri muulize mchungaji, analipwa. Mimi nimeona mtu akiweka shingo yake mahali alipokabwa jana yake, na mwingine akiwa na uwezo wa kuivunja akaishikilia ili asianguke, na wote wawili walikuwa wamechoka kuliko wewe. Kama hiyo si imani, basi sijui nyingine, na hii niliyoiona ndiyo ninayokutumia. Choka, lia, mtukane Mungu kama mimi, ana kifua. Lakini Jumapili osha uso uende. Keti nyuma, nuna, usiimbe hata ubeti mmoja. Nenda tu, ukamwachie Mungu shingo yako kwa asubuhi moja. Jumapili ya pili tutajua ikifika.

Msalimie sana wifi, mwambie asikuache ulale na viatu. Mbusu binti yenu kwenye lile jino jipya. Msalimie na yule shangazi yetu wa huko ukimwona, mwambie Mama bado anadai amemshinda kwa uzuri. Mama anakusalimu. Anasema ule. Shemeji yako naye anakusalimu. Nilipomuuliza nikuandikie nini kutoka kwake, alifikiri sana, akasema nikwambie umwombee mikono yake.

Mungu asiyetuacha hata tukimfukuza akushike huko uliko, akupe mgongo wa kubeba na mtu wa kukubeba.

Mimi dada yako wa tumbo moja, nikupendaye hata ninapokufokea.