Kabati la vikombe vya wageni

Faiza, uko hapo? Leo nimeaibika, sijui uso nitauweka wapi.

Unamjua Nicholas, yule fundi aliyetuuzia laptop za ofisi ya Ami Bwanaheri, zinazoshika mtandao bila waya. Ami alikuwa anajisifu Voi nzima kwamba ataingia mwaka elfu mbili bila waya. Nicholas alipokuja kuziweka zilishika vizuri, halafu zikaanza kukataa.

Leo nikampigia simu bosi wake Mombasa. Nicholas amekaa pale pale, wateja waliotoka kijijini Kishushe wanasikia. Nikasema laptop zake hazipatani na kile kisanduku chetu kinachorusha mtandao. Nikasema ni tapeli. Faiza, nilisema tapeli.

Bosi akasema atamfuta kazi.

Ami akaniambia nitoe chai. Nikafungua kabati la chuma nitoe vikombe vya wageni, na laptop zote zikashika.

Nikafunga, zikapotea. Nikafungua, zikarudi.

Kisanduku kilikuwa humo, nyuma ya vikombe. Ni mimi nilikificha humo nikiogopa vumbi. Unanijua na vumbi. Kumbe chuma kilikuwa kinaziba mawimbi.

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Nicholas akasema polepole, "Dada Rayhana, ile simu uliipiga mbele ya watu. Ipige tena mbele yao."

Nikapiga, kikombe chake kikiwa mkononi mwangu, nikamwambia bosi kwamba Nicholas si tapeli, kosa ni langu. Alisubiri nimalize, akaaga, akaondoka.

Nakuandikia kabati liko wazi, na chai yake imepoa hapa mbele yangu.