Yupo Aliyecheka Kabla ya Mguu wa Pili

Kaka yangu mpendwa,

Watu wakianza barua huuliza hali. Mimi naogopa kukuuliza, maana sijui kama unayo hali ya kuulizwa. Ni miaka arobaini na mitatu sasa. Nilikuacha kijana wa miaka ishirini, mimi nina kumi na mmoja, na leo nina wajukuu watatu na magego yameisha. Naandika kwenye daftari la mjukuu, kwa Kiswahili, kwa sababu kuandika nilifundishwa huku, kwenye darasa la watu wazima. Kirundi chetu najua kukisema tu. Bahasha sijaweka, sina cha kuandika juu yake. Acha iwe wazi, anayetaka kusoma asome, ila jina lako silitaji wala la kilima chetu. Hofu ile bado ninayo.

Kesho asubuhi kuna mzee anakuja hapa nyumbani kwangu Nyakitonto, anatoka kambini. Anasema alikujua. Kabla hajakaa kwenye kiti akaniambia anachokijua, kuna jambo nataka ulisikie kutoka kwangu mwenyewe. Lakini siwezi kulisema hivi hivi. Ngoja nianze na vichekesho, kama wewe ulivyokuwa unawachekesha wazee kwanza, ndipo unaomba mrija.

Unakumbuka mtungi wa pombe ya mtama pale kwa baba mkubwa? Wazee wameuzunguka, kila mtu na mrija wake, na vijana hawaruhusiwi kusogea. Wewe ulikuwa unapita kama mtu mwenye shughuli zake. Ukifika katikati ya ua unasimama, hapo tayari unakuwa mtu mwingine. Unakuwa padri aliyepoteza miwani, unakuwa shangazi anayekataa kula huku anakula. Baba mkubwa alikuwa anapaliwa pombe inatoka puani. Halafu anasema, "Mpeni mrija huyu mwizi, kabla hajaniua."

Mimi nilikuwa nakutazama nikiwa nyuma ya ghala la mahindi. Nilikuwa natafuta kujua unafanyaje. Nilichogundua ni kwamba wewe hukucheka kamwe. Watu wakigaragara, wewe unawatazama kama unauliza, jamani, kuna nini? Na ulikuwa unachelewa. Mtu mwingine angeharakisha lile la kuchekesha, wewe unaliacha linasubiri mlangoni mpaka watu wenyewe wanalivuta ndani.

Tangu hapo nimewaona wengine. Hapa senta kuna banda la video, wanaonyesha wachekeshaji wa Dar es Salaam, wanaovaa tumbo la nguo na kujipaka unga usoni. Wajukuu zangu wanalia kwa kucheka. Mimi natabasamu kwa adabu. Mtu akianguka mara ya kwanza nacheka, mara ya tatu namwonea huruma mgongo wake. Ninayempenda ni mzee mmoja wa Busunzu, msemaji wa posa. Wakwe wakija kueleza walichofuata, yeye anajifanya hajui wametaka nini. "Mmepotea njia? Mnatafuta mbuzi? Mbuzi wa rangi gani?" Wanaeleza kwa heshima, yeye anawaonyesha njia ya kwenda kwa jirani. Uso wake ni kama wa mtu anayesikiliza taarifa ya msiba. Nikimwona yule nakuona wewe, kisha naondoka kwenda kuosha vyombo ambavyo ni visafi.

Na sasa kuna mwanangu, Fidelis. Mpwa wako, kaka. Ana miaka ishirini na nane, anafyatua matofali, na huku kwetu harusi bila yeye watu wanaona haijafungwa. Anasimama peke yake na kipaza sauti, anawaigiza wanawake wawili wa Kiha wamekutana njiani na mizigo ya mihogo kichwani. Wanapiga makofi, wanainama, wanasalimiana. Umeamkaje? Watoto? Na mume? Na mbuzi? Na yule mbuzi mwingine, mguu umepona? Mvua inaanza, mvua inakatika, wao bado wako kwenye mbuzi. Watu wanacheka kwa sababu kila mmoja anajijua. Lakini juzijuzi kwenye harusi ya Kasulu mjini alimwigiza mtendaji wa kata, na mtendaji mwenyewe amekaa meza ya mbele. Alicheka sana, akampigia makofi. Watu wote walitazama kicheko chake. Mimi nilitazama macho yake. Nilitoka nje nikatapika, shemeji akasema ni wali.

Alikuwa hajui asili yake, Fidelis. Baba yake marehemu alikuwa Muha wa hapa hapa, alinioa nikiwa Kitahana, tulikokimbilia na mama, na alinikataza kusema kwetu ni wapi. Miaka miwili iliyopita, walipopita watu wa uhamiaji wakiuliza kila mtu asili yake, nilishinda kwenye mihogo tangu asubuhi mpaka jioni, nimejiinamia, na jembe hata sikuliinua. Mtoto aliniuliza, "Mama, unajificha nini na kadi yako ya kura unayo?" Nikamwambia nimekwenda kung'oa magugu. Kucheka kulinitoka miaka ile, kukabaki kuogopa. Huyu mtoto alipoanza kuigiza watu, akiwa na miaka mitano tu, nilimchapa. Nilimchapa kwa kuwa alikuwa ana uso wako.

Mwaka huu watu wa kwetu wamekuja tena, kaka. Wengi. Wamevuka na magodoro, wamevuka na kuku, wengine wamevuka na mikono mitupu kama sisi. Kambi imejaa mpaka mahema yanagusana. Kipindupindu kikaingia, shirika moja likatafuta vijana wa kutangaza watu wanawe mikono, na Fidelis akachukuliwa kwa sababu anaweza kufanya mstari wa maji usikilize. Siku tatu za kwanza alirudi amenyong'onyea.

"Mama, hawacheki."

"Wamefiwa, mwanangu. Waache."

"Nimewapa mbuzi, nimewapa mkwe, nimewapa kila kitu. Wananitazama tu. Sasa mtu asiyecheka hanisikilizi hata nikisema sabuni." Akakaa juu ya kinu, akaniuliza kama mtu anayeuliza chumvi iko wapi, "Hao watu wa kule huwa wanacheka nini?"

Nilikuwa nasonga ugali. Sijui ni nini kiliniingia. Niliepua sufuria, nikajifuta mikono, nikasimama pale jikoni, nikafanya mguu wa mkuu.

Ndiyo, ule ule wako. Mkuu wa komini, ile wilaya ndogo ya kwetu, anafika sokoni na gari na viatu vipya vinavyombana. Mguu wa kulia unashuka, unakanyaga chini, na uso unabaki wa serikali huku mguu unalia kama mtoto. Anawasalimia wananchi mguu mmoja ukiwa bado ndani ya gari. Anatazama mawingu, anauliza mavuno, anafanya lolote ili asishushe wa pili. Halafu anainama kama anayefunga kamba, anakiambia kiatu taratibu, "Vumilia, tunatazamwa." Hapo ndipo mguu wa pili unashuka.

Fidelis alichelewa kucheka. Kisha akateleza kutoka kwenye kinu mpaka chini, akashika tumbo. "Mama! Mama wewe! Ulikuwa umeificha wapi hii?"

Ndipo nikamwambia kuhusu wewe. Nilimwambia ulikuwa mchekeshaji kuliko wote, kwamba tuna kwetu ng'ambo ya Malagarasi, kwamba walikuja shambani wanaume wawili wakakuita kwa upole, "Njoo utuchekeshe kidogo," na wewe ukaenda kuvaa shati safi. Mama yetu akakukimbilia na kipande cha kiazi mkononi, ukamwambia, "Nitakula nikirudi." Hilo nilimwambia. Lililobaki sikumwambia.

Alirudi kukaa juu ya kinu. Kisha akasema neno ambalo tangu siku hiyo silali vizuri. "Mama, mle kambini kuna wazee. Nikiifanya hii, wengi watacheka mwisho, kiatu kikiongea. Lakini mtu aliyewahi kuiona atacheka kabla. Hawezi kujizuia. Atacheka mguu wa pili bado uko garini."

"Usifanye," nikamwambia. "Unamwigiza mkuu mbele ya watu usiowajua. Huko nako kuna masikio."

"Mkuu huyo kafa zamani, Mama."

"Wakuu hawafi, mwanangu. Wanabadilisha viatu."

Akacheka! Akaniambia nami niende nikapewe kipaza sauti. Nilimkatalia siku nne. Siku ya tano nikamrekebisha bega, maana alikuwa analishusha mapema. Kaka, nilikuwa namfundisha huku namwomba Mungu asahau.

Jana alirudi anakimbia, baiskeli kaitupa kwenye maharage. "Yupo, Mama. Mstari wa tatu, mzee amefunga blanketi begani. Mguu wa kulia umekanyaga tu, akapiga kelele moja ya kicheko, watu wote wakageuka. Kisha akalia. Kisha akacheka tena."

"Alilia namna gani?"

"Kulia ni kulia, Mama! Amenifuata nilipomaliza, amenishika mkono hivi. Akaniuliza, nani kakupa mguu huu? Nikamwambia mama yangu. Akasema, mwenye mguu huu nilimjua, keshokutwa asubuhi nitakuja kuongea na mama yako mwenyewe."

Nilikaa chini, kaka. Si kwa furaha. Nilikaa kwa sababu swali lile nimewahi kuulizwa.

Sasa nasema. Ilikuwa siku nne kabla hawajaja shambani. Tulikuwa wasichana sita kwenye chemchemi na mitungi yetu, maji yanatoka kidogo kidogo, tunasubiri zamu. Nikataka wanipende. Wewe nyumbani walikupenda wote, mimi nilikuwa Kadogo tu wa kutumwa. Nikaweka mtungi chini, nikawafanyia mguu wa mkuu. Walicheka mpaka mmoja akavunja kata yake. Aliyecheka kuliko wote ni yule msichana mrefu aliyekuwa analea mtoto kwa mkuu. Alijifuta machozi na kanga, akaniuliza kwa upendo kabisa, "Yoo, nani kakupa hii?"

Nikasema, "Kaka yangu! Yeye anaiweza kuliko mimi." Nikanyoosha kidole nikamwonyesha na nyumba, pale penye migomba.

Nilirudi nyumbani nimejaa sifa. Nilitaka nikwambie nimewachekesha watu watano, lakini ulikuwa umechoka, nikasema nitakwambia kesho.

Najua mwaka ule walichukua na watu ambao hawakuwahi kumchekesha mtu. Walimchukua mwalimu, wakamchukua seremala, wakamchukua kijana aliyekuwa na kigugumizi. Huenda walikuwa wanakuja tu, na chemchemi haikuwa na neno. Huenda yule msichana alinyamaza mpaka leo. Nimejiambia hivyo wakati wa kupalilia na wakati wa kuvuna, nimejiambia kanisani. Ikifika mahali pa kuamini, sauti yangu mwenyewe inasema, pale penye migomba.

Mama yetu alikufa Kitahana bila kujua. Kila akipika viazi alikuwa anaacha kimoja. Mimi nilikuwa nakitazama kile kiazi na mdomo nimeufunga. Mume wangu hakujua. Fidelis hajui, na sasa yuko nje anafagia uwanja kwa ajili ya mgeni, anapiga mluzi, ameazima kiti cha mgongo kwa jirani. Ananiuliza tuchinje kuku yupi. Nimemwambia yeyote. Hajawahi kunisikia nikisema yeyote juu ya kuku.

Namwogopa huyu mzee. Naogopa atasema ulikufa siku ile ile, na shati lako safi. Naogopa atasema ulikaa muda mrefu ukiumia. Kuna jingine ambalo naona aibu kuliandika: naogopa atasema u hai, uko mahali, Kongo au wapi, na kwamba walikwambia ni nani aliyenyoosha kidole. Na huenda yeye mwenyewe alikuwa mmoja wa wale wawili. Kwa nini alilia? Mtu anaweza kulia kwa mengi.

Nimewaza kumzuia. Ningemtuma Fidelis akaseme nimelazwa. Nimesimama mlangoni mara mbili kumwita. Lakini nimeuona ule uso wake anavyofagia, kaka. Amepata mjomba. Mimi nimekuficha kwake miaka ishirini na minane kwa sababu ya woga wangu, na ndani ya wiki moja yeye amekutafuta kwa mguu mmoja tu.

Kwa hiyo mzee akifika nitampa kiti, nitamkaribisha maji ya kunywa. Kabla hajafungua mdomo nitamwomba anisikilize mimi kwanza, na mwanangu awe amekaa hapo hapo. Nitaanza na chemchemi. Sijui Fidelis atanitazama vipi nikimaliza. Sijui kama ataniita Mama kwa sauti ile ile. Maandishi yangu yakipanda na kushuka, utanivumilia.

Jua bado liko juu ya migomba. Kesho saa kama hizi nitakuwa najua, na nikishajua sitaweza tena kukuandikia hivi. Nitakuwa naandika kwa marehemu, au kwa mtu mwenye anuani na hasira zake. Leo bado ni wewe na mimi, ulipo hujachoka, na mimi nimekuja kukwambia kwamba niliwachekesha watu watano.

Ni mimi mdogo wako wa kike,
Kadogo