Susu wa Kola Alipopanda Jukwaani

Mama Mutanu,

Habari za huko? Mimi hapa niko na bahati kuliko mtu yeyote Machakos nzima. Tangu tukuzike, watu wamekuwa wakisema kilabu yetu ya michezo ya nyimbo ilizikwa na wewe, eti vijana siku hizi wanakimbilia video. Basi nikaitisha mkutano ukumbini, na wanachama wakanichagua mimi, Nzioki mpiga ngoma, nikalie kiti chako. Kura zote! Hakuna hata mmoja aliyepinga. Na unajua sikumaliza darasa la saba. Lakini nimekuwa utingo wa lori mpaka Kampala, nimeona dunia. Uongozi hauko kwa daftari.

Juzi nilifagia ukumbi nikicheka peke yangu. Nilikuwa nakumbuka ule mchezo wa mahari, ulivyosema lazima mbuzi awe wa kweli. Kioko, aliyeigiza chifu, alikuwa amekataa kukariri, anasoma maneno kwa karatasi. Mbuzi akala karatasi. Chifu mzima akabaki, "Wananchi... wananchi..." mpaka ukamwimbia maneno yake yote kutoka nyuma ya pazia, yeye anafungua mdomo tu.

Lakini ule wa ukame, wacha! Nyimbo zake zote ulitunga ukiwa kwa cherehani. Wewe ulikuwa mama anayeomba mvua, na mimi nilikuwa nipige kilumi, ile ngoma ya wazee ya kuita mvua na kupandisha pepo. Ulinionya: "Nzioki, piga ya uongo. Bisha kama mtu aliye mlangoni kwa wakwe."

Mimi na kichwa yangu ngumu nikapiga ya kweli, vile nyanya yangu alinifundisha. Susu mmoja, bibi mzee kutoka Kola aliyekaa benchi la tatu, akatupa leso, akaanza kutetemeka, akapanda jukwaani akiimba. Katekista akaweka soda chini. Mikono yangu ikakataa kuacha. Nikajua nimekuharibia kazi ya miezi.

Wewe ukamshika mkono ukamwitikia wimbo wake, kana kwamba uliutunga wewe mwenyewe. Ukumbi wote ukasimama. Wimbo ulipoisha, Susu akapangusa uso, akauliza, "Nani amekalia mahali pangu?"

Habari zikaenea, na tulipopeleka mchezo kule mjini Tala watu wakapiga kelele, "Susu yuko wapi?" Tukamfuata Kola kumbembeleza. Akatukatalia kabisa: "Mimi sijui kuigiza."

Na mimi hukunigombeza. Tulipokuwa tunakunja mapazia ndipo ukasema, "Siku nyingine ukitaka kuniletea mtu, niambie mapema nimshonee nguo." Haki, Mama Mutanu... nilienda nje nikajifanya natafuta viatu.

Sasa lala salama. Ule mchezo wa soko ulioacha nusu nitaumaliza. Jumamosi saa nane nitafungua ukumbi, nipige ngoma, niimbe sehemu yako kwa hii sauti ya chura, mpaka mpita njia aone huruma aingie kunisaidia. Akiingia mmoja tu, hiyo ni kilabu.

Ile habari ya kura ni uongo. Tulikuja watu wawili, na Kioko alikuwa amefuata koti lake.

Nzioki