Shefu kwenye majani ya Kambove

Gaëlle, mbwa wa Ambroise amekufa. Sasa hivi, huku Kambove.

Miezi mitatu alimfundisha: akisikia "Tafuta!", Shefu aingie majanini na asitoke mpaka afurushe kwale.

Leo aliingia, akarudi. Akaingia tena, akarudi mkia chini. Mara mbili, Gaëlle! Miye nikacheka: "Ambroise, mbwa yako iko muvivu kama weye!"

Ambroise akakasirika, akapaza sauti: "Tafuta!"

Shefu akamwangalia. Akaingia.

Tulisikia mawe tu yakiporomoka. Majani yale yalifunika shimo la zamani la wachimbaji, refu, halina mwisho.

Mara mbili alirudi.

Ambroise amekaa ukingoni, halii. Anaita polepole, "Rudi, Shefu. Rudi." Neno hilo hakuwahi kumfundisha.